Wolpepa juu ya wolpepa: namna ya kuibandika ikashika

Miaka michache nyuma, mtu akinipigia simu kutoka Moshi au Arusha alikuwa na ukuta wa rangi na anataka wolpepa kwa mara ya kwanza. Sasa hivi wengi wanaopiga wanayo tayari. Waliibandika ukuta wa televisheni au chumba cha wageni, imepauka au imewachosha, roli mpya zimeshanunuliwa, na swali ni moja: "Fundi, ni lazima tubandue ya zamani, au tunapiga juu kwa juu?"

Juu kwa juu inawezekana. Nimeifanya nyumba nyingi na imekaa. Lakini elewa jambo hili kabla hujafungua roli: karatasi mpya haitashika ukuta wako, itashika karatasi ya zamani. Hiyo ya zamani ndiyo inayogeuka kuwa ukuta. Ikiwa imeshika vizuri, umejiokolea siku moja au mbili za kukwangua. Ikiwa imelegea, zote mbili zitashuka pamoja, na utalipia kazi mara mbili.

Sababu ni gundi yenyewe. Gundi ya wolpepa ni unga unaokorogwa na maji baridi. Unapoipaka, maji yake yanapenya karatasi ya chini na kuilainisha gundi ya zamani iliyokauka miaka mingi. Wakati huohuo karatasi mpya, ikianza kukauka, inajikaza na kuvuta. Kwa hiyo ile ya chini inaloweshwa na kuvutwa kwa pamoja. Kazi yote nitakayoeleza hapa ni ya kuisaidia ihimili hayo mawili.

Kwanza jua ukutani kuna nini

Neno wolpepa madukani kwetu linabeba vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina hukumu yake.

Kama ya zamani ni stika, yaani ile ya plastiki unayobandua karatasi ya nyuma na kugandisha, itoe. Usibishane nayo. Gundi yake haikauki, inabaki laini kama ya selotepu, na joto la Moshi la Januari na Februari linaifanya iteleze polepole. Ipashe moto kidogo kwa draya ya nywele, anzia kona ya juu, ivute taratibu ukielekea chini. Mabaki ya gundi yafute kwa kitambaa chenye spiriti nyeupe, madirisha yakiwa wazi. Foamu zile zenye umbo la matofali nazo hazibandikwi kitu juu. Zina mabonde na zinabonyea.

Ya tatu ni vainili: uso wake ni plastiki, unafutika kwa maji, na nyuma yake kuna karatasi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Ukibandika vainili juu ya vainili, maji ya gundi hayana pa kwenda. Hayaingii chini na hayatoki juu. Gundi inabaki mbichi kwa wiki kadhaa, kisha ukungu mweusi unaanza kwenye viungio. Ila vainili nyingi zina siri nzuri: uso wa plastiki unaweza kuchunika mkavu, ukaacha karatasi ya nyuma imeganda ukutani. Ingiza ncha ya kisu kwenye kona, inua, vuta. Uso ukitoka wote na karatasi ikabaki imetulia, hiyo iliyobaki ni kitanda kizuri kabisa cha karatasi mpya.

Ya nne ni karatasi ya kawaida. Ikiwa ni safu moja tu na imeshika, hii ndiyo inayofaa zaidi kubandikwa juu yake. Safu moja. Ukikuta tayari kuna mbili, uzito umeshatosha, bandua zote.

Majaribio, na usiruke hata moja

Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilipewa sebule Kijenge, Arusha. Ukuta ulionekana umenyooka, nikaamini macho yangu, nikabandika. Wiki ya tatu yule mama akanipigia, hakuwa na hasira hata: "Mwanangu, njoo uone, zinafunguka kama ganda la ndizi." Nililipa roli zote upya kutoka mfukoni. Tangu hapo sianzi nyumba bila majaribio haya.

Pitisha ncha ya kisu au skrepa nyembamba kwenye kila kiungio cha zamani, kuanzia juu hadi chini, halafu pembeni mwa madirisha na juu ya skating, ule ukingo unaozunguka chini ya ukuta. Usisukume kwa nguvu. Kama ncha inaingia chini ya karatasi bila wewe kuilazimisha, weka alama ya penseli. Kisha gonga ukuta kwa vidole, kila hatua ya mkono. Palipogandamana panatoa sauti nzito, palipoachana panalia kama ngoma ndogo. Weka alama tena. Ukimaliza, rudi nyuma utazame alama zako. Zikiwa tatu nne zilizotawanyika, zinatengenezeka. Zikijaa ukuta kama ramani, bandua.

Jaribio la pili ni la maji. Loanisha sponji, lowesha eneo la ukubwa wa daftari mahali pasipoonekana, nyuma ya kabati kwa mfano, na usubiri dakika 10. Karatasi ikivimba na kutoa mapovu, inakuambia itakachofanya siku ya gundi. Haimaanishi kazi imekufa, maana praima, rangi ya kwanza ya kuziba uso, inaweza kuizuia, lakini ikivimba na pia ukaweza kuivuta kwa vidole, iondoe. Hapohapo sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hasa nyekundu, bluu iliyoiva au wino wa dhahabu, itapenya pia kwenye wolpepa yako mpya ya rangi ya maziwa. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye praima.

Jaribio la tatu ni la unyevu wa ukuta wenyewe, na kwa mkoa wetu wa Kilimanjaro naliona kubwa kuliko mengine. Nyumba nyingi za Kibosho, Machame, Uru na hata pembezoni mwa mji zimejengwa ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani. Migomba iko hatua mbili kutoka ukutani, mfongo, mfereji wa kumwagilia, unapita karibu na msingi, na udongo haukauki mwaka mzima. Maji hayo hupanda kupitia tofali na lipu. Utayaona kwa unga mweupe wa chumvi, madoa ya kahawia yanayoanzia sakafuni, au harufu ya ukungu ukisogeza kochi. Kama huna uhakika, kata kipande kidogo cha wolpepa ya zamani nyuma ya fanicha hadi ufike kwenye lipu, funika hapo kwa nailoni inayoonyesha, na uibandike kingo zote kwa selotepu pana. Iache siku nzima na usiku wake, ikiwezekana mbili. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ule unaotazama ukuta, maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumba tu.

Maji yakitoka ukutani, simamisha kazi. Safu mbili za karatasi zitaufungia unyevu ndani na ukungu utaota usiouona, chumba ambacho pengine mtoto analala. Hamisha migomba, elekeza mfereji mbali, rekebisha gata inayomwaga maji ukutani, na uuache ukuta ukauke. Mteja wangu mmoja wa Rau alikasirika niliporudisha nusu ya malipo na kumwambia asubiri. Alihamisha shina nne za mgomba, akanipigia baada ya miezi mitano, na ukuta ulikuwa mkavu.

Kwa sababu hiyohiyo chagua msimu. Masika ya Machi hadi Mei si wakati wake, kila kitu kinakauka kwa uvivu. Juni na Julai Arusha kuna baridi na mawingu, kazi inawezekana ila panga siku zaidi kati ya praima na gundi. Mimi napenda Agosti hadi Oktoba, kabla vuli haijaanza, au Januari na Februari ukiweza kudhibiti vumbi.

Kama imeshindwa mtihani

Sitakaa sana hapa. Chana uso kwa msasa mkali au ncha ya kisu bila kukata lipu, paka maji ya moto yenye sabuni ya vyombo kidogo, subiri dakika 15, paka tena, kisha kwangua kwa skrepa pana ukiishika kwa mlazo. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, maana maji yatachuruzika kwenye soketi. Osha gundi yote iliyobaki. Ukuta ukikauka, unaanza kama ukuta mpya.

Kuandaa ya zamani

Imepita? Sasa tuitengeneze.

Palipo na alama za penseli, usijaribu kugandisha kila kilicholegea. Kiungio kilichofunguka kidogo kitilie gundi ya wolpepa kwa brashi nyembamba, kikandamize, kifute. Lakini kipande kilichochanika au kilichokunjamana kikate na ukitoe hadi kwenye lipu. Shimo ni rahisi kulijaza kuliko kupigana na karatasi iliyochoka.

Jaza mashimo hayo kwa puti ya kusawazishia ukuta, safu nyembamba, ukiivuta kuvuka ukingo wa karatasi ili pasibaki ngazi. Viungio vya zamani vilivyopandana pia vina ngazi. Mchana huioni, lakini usiku taa ikimulika kwa upande utaona mistari wima ukuta mzima chini ya karatasi yako mpya. Visugue kwa msasa namba 120, vipitishie puti, vikikauka sugua tena kwa laini zaidi. Kama wolpepa ya zamani ina michoro iliyovimba, maua ya kushikika kwa kidole, basi unahitaji kupiga puti ukuta wote, na hapo jiulize kwa uaminifu kama kubandua hakukuwa rahisi zaidi.

Ukimaliza, futa vumbi kwa brashi kavu kisha kitambaa kilichokamuliwa sana. Vumbi letu jekundu ni jembamba kama unga. Likibaki, gundi inashika vumbi badala ya ukuta. Sebule iliyo karibu na jiko ifute pia kwa maji ya sabuni kidogo, kwa sababu mafuta ya kukaangia husafiri.

Praima, na hapa sikubali mjadala

Watu wanapenda kuiruka hatua hii kwa sababu haionekani kazi ikiisha. Praima ndiyo inayosimama kati ya maji ya gundi mpya na gundi ya zamani. Nunua praima ya mafuta ya kuzuia madoa, ile inayochanganywa na tina ya kupunguzia uzito wa rangi. Kwa kuwa haina maji, haiilainishi karatasi ya chini unapoipaka, na ikikauka inazuia maji ya gundi yasipenye na wino wa zamani usipande juu. Praima ya maji ni ya bei nafuu na haina harufu kali, lakini yenyewe inaweza kuivimbisha karatasi. Kama huna jinsi, ijaribu kwanza sehemu ile ya nyuma ya kabati na usubiri hadi kesho yake.

Paka mkono mmoja ulioenea, kwa rola ya manyoya mafupi, na brashi kwenye kona. Fungua madirisha, usivute sigara, weka jiko la mkaa mbali, watoto walale chumba kingine. Acha saa 24, na Arusha ya baridi acha 48. Kisha pitisha msasa laini kwa mkono mwepesi ili uso usiteleze sana. Sehemu ikiwa imetoa povu baada ya praima, ni karatasi iliyokudanganya kwenye jaribio. Ikate, jaza puti, paka praima tena.

Hesabu ya roli

Roli nyingi zina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10 na kidogo. Zipo za upana mwingine, soma lebo. Chukulia ukuta wa televisheni wenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 2.7. Kila kipande kinahitaji mita 2.8, ukihesabu sentimita 5 za kukata juu na 5 chini. Kama ua linajirudia kila sentimita 53, kipande kinakula marudio 6, yaani mita 3.18, na roli moja inatoa vipande 3.

Sasa angalia jambo ambalo ukuta usio na wolpepa haukuulizi. Kiungio kipya kisikae juu ya kiungio cha zamani. Vikikutana, mvuto wote wa karatasi mpya unaangukia mahali palepale pa udhaifu, na mstari utafunguka. Viachanishe walau nusu shibiri. Kama ya zamani ilianza konani kwa kipande kizima, wewe anza na kilichopunguzwa. Mafundi wengi hukata katikati, sentimita 26.5, lakini kwa ukuta huu wa mita 4 utaishia na kipande chembamba cha sentimita 2 na nusu kona ya pili, kibaya na kigumu kushika. Anza na sentimita 32. Ukiongeza vipande 7 vizima unafika sentimita 403. Jumla ni vipande 8, roli 3, na kipande kimoja kinabaki akiba. Nusu saa ya penseli imekuokolea kipande kizima.

Nunua zote siku moja na uhakikishe namba ya toleo kwenye lebo inafanana. Rangi ya toleo jingine hutofautiana kidogo, na ukutani kidogo hicho kinaonekana.

Siku ya kubandika

Zima umeme wa chumba kwenye swichi kuu na ufungue vifuniko vya swichi na soketi. Koroga gundi kwa kipimo cha pakiti, ukinyunyiza unga polepole kwenye maji baridi huku unakoroga, iache dakika 15 hadi 20, koroga tena. Tafadhali usipike uji wa ngano au wa muhogo kwa ajili hii. Najua unashika, lakini ni chakula. Mende wanaufuata na ukungu unaupenda.

Usiamini kona ya nyumba kuwa imenyooka. Pima sentimita 32 kutoka konani, ning'iniza timazi, na kama huna, nati nzito kwenye uzi inatosha. Chora mstari wima kwa penseli nyepesi. Mstari huo ndio unaoongoza ukuta mzima.

Kata vipande vyote ukilinganisha maua, viandike namba nyuma na mshale wa juu. Soma lebo: karatasi ya nyuzi (non-woven) inapakwa gundi ukutani na kubandikwa kavu, na kwa kazi ya juu kwa juu ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa inaleta maji machache na haitanuki. Karatasi ya kawaida inapakwa gundi nyuma, inakunjwa gundi kwa gundi, inasubiri dakika 5 hadi 10. Muda uwe uleule kwa kila kipande, maana karatasi hutanuka ikilowa. Kimoja kikisubiri 5 na kingine 12, maua hayatakutana.

Anzia juu, linganisha na mstari, lainisha kutoka katikati kwenda pembeni kwa brashi kavu au plastiki laini. Usivute karatasi ili ifike. Inua na uishushe upya. Kipande cha pili kikutane na cha kwanza bila kupandana. Baada ya robo saa pitisha kirola kidogo kwenye kiungio, taratibu, na futa gundi iliyotoka kwa sponji safi kabla haijakauka. Juu na chini kata kwa wembe mpya ukiegemeza skrepa pana, na uvunje ncha ya wembe kila kipande. Wembe butu haukati karatasi mbichi, unaichana.

Konani, ukiendelea na ukuta wa pili, usijaribu kupindisha kipande kizima. Pima kutoka kipande cha mwisho hadi kona sehemu tatu, chukua kipimo kikubwa, ongeza sentimita moja na nusu, kata, izungushe kona. Kilichobaki kianze ukuta wa pili kwa mstari mpya wa timazi, kikiupanda ukingo ule kidogo. Kwa vainili, pale inapopandana tumia gundi ya viungio vya vainili, ile ya kawaida haishiki plastiki. Kwenye soketi, bandika juu yake, chana msalaba kutoka katikati, kata masikio ukiacha kidogo yaingie chini ya kifuniko.

Saa 24 za kwanza

Funga madirisha, zima feni. Karatasi ikikaushwa haraka inajikaza kabla gundi haijashika, na viungio vinaachia. Mapovu madogo utakayoyaona jioni yaache. Mengi yanaondoka yenyewe likikauka eneo lote. Likibaki moja siku ya tatu, nunua bomba la sindano duka la dawa, toboa, ingiza gundi kidogo, kandamiza, futa.

Kipande kilichobaki kikunje na ukihifadhi chini ya kitanda, si darini penye joto. Na kabla hujarudisha kifuniko cha swichi, andika kwenye karatasi ndogo: safu mbili, praima ya mafuta, mwezi na mwaka. Ibandike nyuma ya kifuniko hicho. Fundi atakayekuja baada yangu au baada yako atajua kwamba juu ya ukuta huu haiongezwi ya tatu.